Stima ikipotea, mwongozaji aliona nini?

Kila mara nchi nzima inapotumbukia gizani, Wakenya huwa na swali moja midomoni: ni nani? Mwaka 2016 jibu lilikuwa tumbili. Mwezi Agosti mwaka 2023 jibu likawa upepo wa Turkana, na kabla mwaka huo haujamalizika jibu likageuka kuwa wahujumu wasiojulikana. Majibu hubadilika ilhali swali ni lile lile. Nia ya makala haya ni kulileta swali jingine ambalo, kwa maoni yangu, lina uzito zaidi: yule mtu aliyekuwa ameketi katika chumba cha kuongozea mtandao wa umeme, dakika chache kabla ya giza kuingia, skrini iliyokuwa mbele yake ilikuwa ikimwonyesha nini?

Swali hili lisiachiwe wahandisi peke yao. Chukua mfano wa wadi ya Kiuu, huko Githurai katika eneo bunge la Ruiru. Ni mahali penye nyumba za ghorofa zilizosongamana, na chini ya kila ghorofa mna kinyozi, fundi wa kuchomelea vyuma, duka la kuchapisha karatasi au mama anayehifadhi samaki wake katika friji. Stima ikipotea, riziki za watu hao wote husimama kwa wakati mmoja. Baada ya saa chache maji nayo hukauka mifereji, kwa maana pampu za kuyapandisha darini hutumia umeme huo huo. Mwanafunzi anayedurusu usiku hulazimika kurudi kwenye mshumaa. Watu hao hawana njia ya kuingia katika chumba cha uongozi wa mitambo, lakini maisha yao yamo mikononi mwa yule aliyemo ndani, naye hutegemea macho yake na kile ambacho wabunifu wa skrini walikubali akione.

Bonde hili la Thika na Ruiru si geni katika habari za umeme. Nairobi ilipokuwa ingali changa, sehemu ya umeme wake ilitokana na maji ya mto Ruiru. Katika miaka ya 1920, baada ya kampuni ya East African Power and Lighting kuundwa mwaka 1922, mtambo mdogo wa Ndula ulijengwa kwenye mto Thika. Wakati huo mwongozaji na mtambo wake waliishi chini ya paa moja. Aliusikia mlio wa tabo ukibadilika, aliweza kuugusa mwili wake na kuhisi mtetemeko, na akichungulia dirishani aliyaona maji yenyewe. Vipimo vya ukutani vilikuwa nyongeza tu ya alichokwisha kukijua kwa masikio na mikono.

Mwongozaji wa leo hana bahati hiyo. Kutoka Nairobi husimamia upepo wa Loiyangalani, mvuke wa Olkaria, maji ya mabwawa ya mto Tana kutoka Masinga hadi Kiambere, mafuta mazito ya kiwanda cha Thika chenye uwezo wa megawati 87, na umeme unaotoka Ethiopia kwa njia ya waya wenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,000. Haoni hata mmoja wa mitambo hiyo, wala hausikii. Vipimo husafiri kutoka kila kituo hadi kwenye kompyuta kuu, kompyuta huviandika kwenye skrini, na skrini hiyo ndiyo jicho lake na ndiyo sikio lake. Ikimficha jambo, jambo hilo kwake halipo.

Ili tuelewe ugumu wa kazi yake, yafaa tukumbuke misingi inayofundishwa katika somo la fizikia. Umeme wa mtandao wa taifa, kwa sehemu kubwa, hauwekwi ghalani kama mahindi. Kila sekunde kiasi kinachozalishwa hakina budi kulingana na kiasi kinachotumiwa. Dalili ya usawa huo ni masafa ya mkondo, ambayo nchini mwetu hutakiwa yawe mizunguko 50 kwa sekunde. Uzalishaji ukipungua ghafla, mitambo yote iliyounganishwa huanza kupunguza mwendo kwa pamoja, mfano wa wanaume wanaosukuma mkokoteni mlimani wakati mmoja wao anapoachilia mikono. Masafa yakishuka kupita kiwango fulani, relei hukata stima ya baadhi ya mitaa ili kuiokoa iliyobaki. Hatua hiyo isipotosha, mitambo hujitoa mmoja baada ya mwingine ili isiharibike, na kila unaojitoa huwaongezea mzigo waliobaki. Hivyo ndivyo nchi inavyozimika.

Tumbili wa mwaka 2016 alitupa somo hilo bila ya kukusudia. Asubuhi ya tarehe 7 Juni alipanda paa la kituo cha Gitaru, akaangukia transfoma, nayo ikajizima. Mashine nyingine za kituo hicho zilielemewa na mzigo na kujitoa, zikapotea zaidi ya megawati 180, na taifa zima likakaa bila stima kwa zaidi ya saa tatu. Tumbili mwenyewe alinusurika. Dunia nzima ilicheka, nasi tukacheka pamoja nayo, na kicheko hicho kilitusahaulisha kuuliza jambo la maana: iwapo kuzimika kwa kituo kimoja kunatosha kuizima nchi, je, asubuhi hiyo kulikuwa na chombo chochote kilichokuwa kikimwonyesha mwongozaji kwamba nchi imesimama ukingoni?

Sasa tutazame usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023. Saa tatu na dakika 45 usiku karibu nchi nzima ilizimika, na zipo sehemu zilizokaa gizani hadi jioni ya siku iliyofuata. Kampuni ya Kenya Power ilieleza kwamba kiwanda cha upepo cha Ziwa Turkana kilijitoa kikiwa kinazalisha megawati 270, yaani karibu asilimia 15 ya mahitaji yote ya wakati huo, na kwamba pengo hilo liliangusha vituo vingine. Wenye kiwanda walijibu kwamba mambo yalikuwa kinyume: volteji katika mtandao wa taifa ndiyo iliyopanda kupita kiasi, na kiwanda kilijitoa ili kujilinda. Katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jenereta ya akiba ilikataa kuwaka, abiria wakaketi gizani, na mkurugenzi mkuu wa halmashauri ya viwanja vya ndege akapoteza kazi yake. Ilipofika tarehe 10 Disemba na giza likarudi tena, waziri wa uchukuzi wa wakati huo aliwataka polisi wachunguze kama kulikuwa na hujuma.

Mwalimu wa fizikia atatambua kwamba madai yale mawili ya mwezi Agosti yanaweza kupimwa. Waya unaotoka Loiyangalani hadi Suswa una urefu wa zaidi ya kilomita 400. Waya mrefu kiasi hicho, unapobeba mzigo mdogo, una tabia ya kupandisha volteji kwenye ncha yake ya mbali, jambo linalojulikana tangu karne ya 19. Usiku, watu wanapoanza kuzima taa na kulala, hali ya mtandao hubadilika haraka. Je, volteji ilipanda kwanza au upepo ulijitoa kwanza? Hilo ni suala la mpangilio wa matukio katika sehemu ndogo mno za sekunde, na vyombo vya kunasa matukio hayo vipo katika vituo vya umeme vya kisasa. Fauka ya hayo, lipo suala la pili lililo chini ya lile la kwanza. Ikiwa volteji ilikuwa ikipanda, ilipanda kwa muda gani, na je, kupanda huko kulionekana kwenye skrini kama mstari unaokwea kuelekea mpaka wa hatari, au kulikuwa ni tarakimu moja miongoni mwa mamia, ikibadilika kimyakimya katika pembe ambayo hakuna aliyeitazama?

Taarifa ambazo umma ulipewa siku zile zilikuwa za aya chache. Zilitaja megawati na nyakati, zikaomba radhi. Juu ya skrini hazikusema neno.

Huenda msomaji akapinga hapa, na pingamizi lake lina nguvu. Atasema kwamba mtandao huanguka kwa sekunde chache, na kwamba hakuna binadamu, hata awe hodari namna gani, awezaye kusoma, kufikiri na kubonyeza kitufe kwa muda huo. Ni kweli tupu. Ndiyo maana relei zilibuniwa. Lakini kazi ya skrini haianzi wakati wa kuanguka. Kazi yake kubwa ni ya saa moja kabla, na tena ya saa nyingi baadaye. Kabla ya kuanguka, yapasa imwonyeshe mwongozaji umbali uliobaki baina ya hali ya sasa na ukingo. Baada ya kuanguka, yapasa imwonyeshe ni vipande vipi vya mtandao vilivyo hai, vipi vimekufa, na vipi vinaweza kuunganishwa bila ya kuangushana upya. Usiku ule wa Agosti uligeuka mchana kabla ya stima kurudi kila mahali, na katika saa zote hizo walikuwako watu waliokuwa wakisoma skrini na kuamua waanze wapi.

Kwa mwanafunzi wa Kiuu asiyewahi kuona chumba cha aina hiyo, upo mfano ulio karibu naye, ukutani kwa nyumba yao. Mita za zamani zilikuwa na gurudumu dogo la bati lililozunguka nyuma ya kioo. Mama akiwasha pasi, gurudumu lilikwenda mbio, akiizima, lilisinzia. Hata mtoto asiyejua kusoma aliuona mwendo wa matumizi kwa jicho. Mita za tokeni zilizokuja baadaye huandika tarakimu za yuniti zilizobaki. Tarakimu hiyo ni sahihi kuliko macho ya mtu yeyote, lakini haijibu swali ambalo mwenye nyumba analo kweli, nalo ni kama stima hiyo itafika Jumapili. Ili ajibu, yampasa akumbuke tarakimu ya jana, atoe, kisha agawanye. Wenye akili wamegundua kwamba ile taa nyekundu ndogo humetameta haraka zaidi matumizi yanapozidi, nao huitazama taa hiyo kuliko tarakimu. Kwa kufanya hivyo wamejitengenezea wenyewe kipimo cha mwendo ambacho skrini ya mita haikuwapa.

Tofauti hii baina ya kiasi na mwendo, na baina ya mwendo na nafasi iliyobaki, ndiyo kiini cha elimu nzima ya kubuni skrini za kuongozea mitambo. Mfumo ulio hai haukai mahali pamoja. Thamani ya sasa peke yake humwambia mwongozaji machache; anahitaji kujua thamani hiyo inaelekea wapi, kwa kasi gani, na mpaka uko wapi. Kila mfumo una kasi yake pia. Bwawa la Ndakaini katika mto Thika, linaloipa Nairobi sehemu kubwa ya maji yake na lenye nafasi ya mita za ujazo milioni 70, hubadilika kwa siku na majuma. Jedwali la kila asubuhi lamtosha mlinzi wake. Jedwali hilo hilo likipewa mwongozaji wa umeme, litakuwa habari za marehemu.

Elimu hiyo haikuzaliwa kwa starehe. Ilizaliwa kwa maafa, na la kwanza kutajwa na kila mwalimu wa fani hii ni lile la Three Mile Island, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, tarehe 28 Machi 1979. Kiasi cha saa kumi alfajiri vali moja katika mtambo wa nyuklia ilifunguka ili kupunguza shinikizo, kisha ikakwama bila ya kufunga. Kwenye ubao wa kuongozea palikuwa na taa iliyohusiana na vali ile. Taa ilizimika, na waongozaji wakaelewa kwamba vali imefunga. Kumbe taa haikuunganishwa na vali yenyewe! Ilichoonyesha ni kwamba amri ya kufunga imetumwa. Ving'ora zaidi ya 100 vililia katika dakika za mwanzo, na kwa zaidi ya saa mbili maji ya kupozea yalikuwa yakivuja kwa njia ambayo ubao ulisema imefungwa. Wale waongozaji, wakiamini kwamba mtambo una maji kupita kiasi, walipunguza maji ya dharura, na sehemu ya kiini cha mtambo ikayeyuka. Wengi walitaka kuwalaumu, na makosa yao yalikuwa ya kweli. Hata hivyo tume iliyoteuliwa na rais Jimmy Carter, ikiongozwa na John Kemeny, haikuishia kwa wale wanaume wa zamu. Ilikagua pia mafunzo waliyopewa na ubao waliokaa mbele yake.

Kuonyesha amri badala ya hali ni udanganyifu wa aina moja. Wingi ni udanganyifu wa aina nyingine. Tarehe 24 Julai 1994, katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texaco huko Milford Haven, Wales, waongozaji wawili walipata ving'ora 275 katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko. Sehemu kubwa mno ya ving'ora hivyo ilikuwa imepewa cheo cha juu cha dharura. Hebu mwalimu afikirie darasa la wanafunzi 275 wakinyosha mikono na kupiga kelele kwa pamoja, kila mmoja akisema jambo lake ndilo la haraka. Chombo kinachopiga kelele kwa kila kitu kimemnyima mwongozaji msaada ule ule alioutarajia, wa kutenganisha jambo kubwa na dogo.

Aina ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, nayo ni kimya. Ndege ya shirika la Ethiopian iliyoanguka tarehe 10 Machi 2019 ikija Nairobi, na kuwaua watu wote 157 waliokuwamo, ilikuwa ya aina ya Boeing 737 MAX. Katika uchunguzi wa ndege za aina hiyo ilibainika kwamba onyo la kuwaarifu marubani kuwa vihisi viwili vya pembe ya ndege havikubaliani, onyo lililokusudiwa liwemo katika kila ndege, lilifanya kazi tu katika zile ambazo shirika lilikuwa limenunua kipimo kingine cha ziada. Kiwanda kilikuwa kimeitambua kasoro hiyo tangu mwaka 2017.

Katika umeme wenyewe, mfano wa kimya ni ule wa tarehe 14 Agosti 2003, siku ambayo watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada walikosa stima. Katika chumba cha uongozi cha kampuni ya FirstEnergy, jimbo la Ohio, programu ya ving'ora iliganda muda mfupi baada ya saa nane na dakika 14 mchana. Hakuna king'ora kilicholia kuwaambia waongozaji kwamba ving'ora vimekufa. Skrini ilibaki tulivu, nao wakauchukulia utulivu huo kuwa afya. Watu wa nje waliwapigia simu kuwaeleza dalili za hatari, lakini simu hizo zilipingana na kioo, nacho kioo ndicho kilichoaminiwa. Kiasi cha saa mbili baadaye mtandao uliporomoka.

Nalitaja tukio hilo la Ohio kwa sababu ya kilichofuata pia. Tume ya pamoja ya nchi hizo mbili ilichapisha ripoti yake ya mwisho mwezi Aprili 2004, ikiwa na matukio yaliyopangwa kwa saa, dakika na sekunde, pamoja na maneno ya simu yaliyorekodiwa siku ile. Mtu yeyote anaweza kuisoma. Mwalimu wa chuo aweza kuiweka mezani na kuwauliza wanafunzi: katika dakika hii, mtu huyu alijua nini, na angeweza kujua nini? Ripoti ya namna hiyo hufundisha kizazi kizima. Taarifa ya aya tano humaliza habari za juma moja.

Wataalamu wamekwisha kupendekeza njia. Mhandisi Jens Rasmussen, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Risø nchini Denmark, alitumia miaka mingi kuchunguza jinsi watu wanavyofikiri mitambo inapokwenda kombo. Yeye na Kim Vicente, mwalimu wa uhandisi nchini Kanada, walieleza katika miaka ya mwanzo ya 1990 kwamba skrini njema huidhihirisha mipaka ya mfumo na mahusiano ya sehemu zake, ili hata jambo ambalo hakuna aliyelitarajia liweze kuonekana na kufikiriwa. Tuuhamishe wazo hilo hapa kwetu. Badala ya safu za tarakimu za kila kituo, tuseme mwongozaji ana picha moja: upande huu uzalishaji, upande ule mahitaji, na katikati mstari wa masafa ukiwa na mipaka yake. Kando ya picha kuna nguzo mbili. Ya kwanza yaonyesha mtambo au waya mmoja ubebao mzigo mkubwa kuliko yote wakati huo. Ya pili yaonyesha akiba iliyo tayari kuziba pengo kwa sekunde chache. Nguzo ya pili ikiwa fupi kuliko ya kwanza, nchi imo hatarini hata kama taa zote zinawaka na hakuna king'ora kinacholia. Ni hesabu ya darasa la tano, lakini iliyofanywa picha.

Sitaki kudai kwamba picha kama hiyo haimo katika chumba chetu cha uongozi. Hoja yangu ni kwamba ukosefu au uwepo wake ungepaswa kuwa miongoni mwa mambo ya kwanza kuelezwa kila tunapozimika, kwa maana matukio yenyewe yanalidai jambo hilo. Tarehe 6 Septemba 2024, saa mbili na dakika 56 asubuhi, waya wa kutoka Loiyangalani ulikatika Suswa ukiwa umebeba megawati 288, kisha njia ya Ethiopia iliyokuwa ikileta megawati 200 ikafuata. Megawati 488 zilipotea kwa mfululizo. Njia zote mbili hufikia Suswa. Mwaka mmoja baada ya usiku wa Agosti, mzigo mkubwa ulikuwa bado umekusanyika mahali pamoja, na mtu aliyekuwa zamu asubuhi ile alistahili kuuona mkusanyiko huo kwa jicho kabla haujamwangukia.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kumwondoa binadamu na kuiachia kompyuta kazi yote. Lisanne Bainbridge, mtaalamu wa saikolojia wa Uingereza, alilijibu wazo hilo mwaka 1983. Alionyesha kwamba kadiri mashine inavyochukua kazi nyepesi, ndivyo binadamu anavyobakiwa na zile ngumu tu, tena akiwa amepoteza mazoezi ambayo angeyapata kwa zile nyepesi. Mwongozaji aliyekaa miezi bila ya kugusa chochote huitwa usiku mmoja kuirudisha nchi nzima kutoka gizani. Mtu huyo hahitaji skrini yenye madoido. Anahitaji ile inayompa picha ya mambo kwa kutupa jicho mara moja, na kiigizo cha mitambo ambamo ameanguka na kuinuka mara nyingi kabla ya siku yenyewe.

Hapa ndipo walimu na wanafunzi wa barabara ya Thika wanapoingia. Chuo cha mafunzo ya nishati cha Kenya Power kiko Ruaraka. Chuo Kikuu cha Kenyatta kiko Kahawa, jirani na Kiuu. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kiko Juja. Kutoka cha kwanza hadi cha tatu ni safari ya matatu moja. Kubuni skrini ya mitambo ni kazi inayohitaji mhandisi, mtaalamu wa saikolojia, mchoraji na mtu aliyewahi kukaa zamu usiku, wote katika meza moja. Na watu wa aina zote hizo wamo kando ya barabara hiyo moja. Mradi wa mwaka wa mwisho waweza kuwa huu: wanafunzi wachukue nyakati na megawati zilizotangazwa za tarehe 6 Septemba 2024, wachore skrini mbili tofauti, kisha wawaketishe watu mbele yake na kupima ni ipi iliyowafanya waone hatari mapema. Haigharimu zaidi ya kompyuta mbili na uvumilivu. Hata katika shule ya upili mwalimu aweza kuanza na mita ya tokeni, awaulize wanafunzi wabuni uso mpya wa mita utakaomwambia mama kama stima itafika Jumapili.

Limebaki suala la fedha za umma, na hapa sina budi kusema wazi. Kampuni ya Ketraco, iliyoundwa mwaka 2008 kujenga nyaya kuu za taifa, imekuwa na mpango wa kituo kipya cha kuongozea mtandao wa nchi. Mifumo ya aina hiyo hununuliwa kwa zabuni, na katika hati za zabuni ni rahisi kuhesabu skrini, kupima ukubwa wake na kutaja kasi ya kompyuta. Ni vigumu zaidi kuandika kwamba mwongozaji sharti aweze kutambua, ndani ya muda fulani, kuwa akiba haitoshi. Lakini sharti hilo hupimika, na lisipoandikwa kabla ya mkataba kutiwa sahihi, muuzaji hatakuwa na deni nalo. Kabla ya malipo ya mwisho, matukio ya Juni 2016, Agosti 2023 na Septemba 2024 yachezwe upya kwenye skrini hizo mpya, mbele ya waongozaji wenyewe wa zamu, bila ya kuwaambia ni tarehe gani wanayoitazama. Wakishindwa kuliona giza likija, skrini zirudishwe kiwandani.